Mtani Aliyeshika Kinasa Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mashine. Nilifika kituo cha kumbukumbu pale Nachingwea mapema, shati limepigwa pasi ya mkaa, nikidhani nitakabidhiwa kinasa sauti nikahoji wazee vijijini. Mkuu wa Kituo, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, alinikalisha kwenye benchi mbele ya bibi mmoja aliyekuja kusimulia kilimo cha zamani, akaniambia nisikilize mpaka amalize. Bibi alisema asubuhi nzima. Alipoondoka, Mkuu akaniuliza nimesikia nini, nikamweleza habari zote za mihogo na nguruwe pori.

"Umeguna, umecheka, na mara mbili umesema 'pole bibi'," akaniambia. "Ingekuwa tunarekodi, kanda ingejaa wewe. Kijana, katika kazi hii wewe si sehemu ya habari. Wewe ni sikio."

Neno hilo nililibeba mpaka nikastaafu. Mengi aliyonifundisha yule mzee yalikuwa ya haki, Mungu amrehemu, lakini hilo moja lilikuja kunifanya nimtendee mtu jambo ambalo hadi leo linanikera moyoni.

Nyinyi mnaonasa sauti kwa simu mkiwa mmesimama, kazi yetu ilikuwa na adabu zake. Aliyezungumza tulimwita msimuliaji, hatukumwita shahidi, maana shahidi hudaiwa ukweli wa mahakamani na msimuliaji husema maisha yake kama alivyoyaishi. Kwanza ulimsomea fomu ya ridhaa, ile karatasi ya kukubali kurekodiwa, taratibu, hata kwa Kimwera kama Kiswahili kilimpiga chenga. Kisha ulinasa ukimya wa chumba kwa dakika moja, ili msikilizaji wa baadaye ajue kuku na bati lenye mvua vilikuwepo tangu mwanzo. Baada ya hapo ndipo ukauliza. Na ukirudi ofisini kulikuwa na unukuzi, yaani kuandika yote yaliyosemwa neno kwa neno, pamoja na kikohozi na kuguna. Kanda ya saa moja ilinila siku nzima na mgongo juu.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Ruangwa, ambako ndiko kwetu. Mimi ni Mmwera wa Likunja. Huko nilikuwa chini ya Afisa Utamaduni, bwana aliyependa wino mwekundu kuliko mshahara wake. Mwezi wa pili nikamhoji mzee mmoja ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Hatukuweza kujizuia. Alinambia sura yangu imepigwa na jembe, nami nikamuuliza kama mke wake alimpokea kwa mkopo, tukacheka mpaka kanda ikaisha. Afisa akanirudishia unukuzi wangu ukiwa umechorwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini.

"Vicheko vyako nimeviona," akasema. "Masimulizi yako wapi? Ukirudia, utarudi kwenu kupalilia ufuta."

Tangu siku hiyo nikawa jiwe. Wenzangu walinisifu kwamba kanda zangu ni safi kuliko za wote.

Kwa msomaji wa mbali, lazima nieleze kwamba utani wa huku si mzaha wa kupitishia muda. Koo fulani ni watani kwa kurithi, na mtani hakasirikiwi. Kazi yake kubwa iko msibani. Watu wanapolia, yeye huingia amevaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akamdai tumbaku, akalala penye mkeka wake na kukataa kutoka. Mfiwa huvumilia, huvumilia, mwisho kicheko kinamtoka na machozi yakiwa bado mashavuni. Hapo watu husema kilio kimekatwa, na mjane anaweza kurudi jikoni kwake. Msiba usio na mtani haujaisha, hata upite mwaka.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Nachingwea. Wakati huo mji mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma ulikuwa umezingirwa na watu wenye silaha, barabara zimefungwa, raia wamebaki ndani. Waliofanikiwa kutoka, baadhi walikuja kwa ndugu zao upande huu, maana mto haujawahi kutenganisha koo. Kituo kikaamua kukusanya masimulizi yao. Mratibu wa kazi hiyo alikuwa mama niliyemzidi umri, mkali, mwenye akili nyingi.

"Bunduki wameshaziandika wengine," alituambia. "Mimi nataka sufuria. Nataka kujua mtu alipika nini chumvi ilipokwisha, na watoto walicheza wapi."

Ndivyo nilivyokutana na Bi Atija. Alikuwa Mmakua, mjane, umri wangu au anizidi kidogo, akiishi Lionja kwa mdogo wake Saidi, mkulima wa korosho. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini alijua kusimulia. Vikao viwili vya kwanza vilinipa mambo ambayo sijayasikia popote. Alieleza walivyochuja majivu kupata kitu cha kutia kwenye mboga badala ya chumvi. Alieleza mwadhini aliyeadhini kwa sauti ya kunong'ona, akipita mlango kwa mlango. Alieleza wanawake wa mtaa wao walivyokubaliana kutwanga kwa pamoja kila asubuhi. Aliyekuwa na muhogo alitwanga, na asiye na kitu alitwanga kinu kitupu, ili jirani asijue nani anacho na nani analala na njaa. Nilipokuwa nanukuu mahali hapo niliweka kalamu chini nikatoka nje kidogo.

Kikao cha tatu akafika kwa mumewe. Alikufa kwa homa, dawa hakuna. Makaburi yalikuwa nje ya mji, upande wa wenye silaha, kwa hiyo majirani wanne wakamzika nyuma ya jiko kabla jua halijapanda.

"Tumelia na kanga mdomoni," alisema. "Tumemzika kama watu wanaficha mbuzi wa wizi. Mtani hakuna, matanga hakuna. Kesho yake mie natwanga."

Akanitazama vizuri, kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Baba, wewe nakuuliza. Wewe wa ukoo gani?"

Nilimjibu, maana kukataa kutaja ukoo ni utovu wa adabu. Akapiga makofi.

"Haa! Mtani! Siku zote hizi nakaa na mtani, nampa maji ya kunywa, mie sijui!" Aliingia ndani, akatoka na kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofubaa, akaninyooshea. "Ya kwake. Vaa. Nitanie, mtani wangu. Mseme yule mzee, alikuwa mbahili, alikuwa anakoroma. Mseme nicheke, nimalize. Nimechoka kubeba."

Saidi alikuwa kizingitini. Naye alikuwa anangoja.

Nilitazama mashine. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, mwezi mmoja tu kabla sijastaafu, na kichwani nikasikia wakubwa wangu wawili wakisema kwa zamu. Mkono wangu ulitaka kuichukua ile kofia, wallahi ulitaka. Nikasema, "Mama, tuendelee na swali letu. Maji mlikuwa mnachota wapi?"

Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Aliikunja kofia mara mbili, akaiweka mapajani, akanieleza habari za kisima. Majibu yote yaliyofuata yalikuwa mafupi. Tuliagana kwa heshima, na kikao cha nne tukapanga wiki ijayo.

Kwenye unukuzi niliandika kama nilivyofunzwa: *ukimya, sekunde kumi na moja*. Mratibu alisoma, akaniita.

"Mzee, hapa ulikuwa unafanya nini sekunde kumi na moja?"

"Taratibu zinasema nisiingie kwenye habari."

"Taratibu za nani?" akauliza. "Mtu amezingirwa na msiba wake, amekuomba umfungulie njia, wewe unamuuliza kisima? Na wewe ndiye mtani, mimi mgeni wa mikoa ya mbali nitajua nini? Nenda Lionja leo."

Nilikwenda, kwa bodaboda, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumtania yule marehemu nisiyemjua. Niliyapata mazuri pia. Nilimkuta Saidi peke yake, anapalilia chini ya mikorosho.

"Ameondoka juzi," akaniambia. "Alisema huku mtani hajapata, basi anarudi kwenye kaburi, labda kule atampata hata mmoja wa kumtania. Nimemzuia, hasikii. Amevuka."

Nilikaa kwenye gogo. Utani wote niliotunga njiani nikarudi nao Nachingwea.

Tangu siku hiyo habari zake hazijafika. Mji ule, tunasikia, siku nyingine una njia, siku nyingine hauna. Nimestaafu, nina ekari zangu za ufuta Likunja na barua ya pongezi inayosema kanda zangu ni za mfano. Wakati mwingine vijana wa kazi huja kuniomba mawaidha. Nawaambia wajifunze kunyamaza, kwa sababu ni kweli kazi inataka kunyamaza. Kisha nawaambia kwamba mtu akikuomba kilicho haki yake kwako, zima mashine umpe, na kanda ikatike. Nimejuta kiasi cha kuwachosha jamaa zangu. Mke wangu anasema majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuwa na ndevu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Lionja. Nilimwambia Saidi kwamba, ikiwa litatokea la kutokea, mimi ni mtani wa nyumba hii na nitakuja.

"Nitakuitaje?" akasema. "Sijui kama amekufa. Nikikuita msibani naye yuko hai, nitakuwa nimemzika mimi."

Kwa hiyo hatulii, na wala hatucheki. Tumekubaliana kungoja, Saidi kule Lionja na mimi huku. Kazi moja tu ndiyo iliyonibaki duniani, ile ya mtani msibani, na kila siku naomba isiitishwe. Naomba badala yake atokee Bi Atija mwenyewe mlangoni kwangu, na vumbi lake la safari. Sitampa hata kiti. Nitaanza kumtania akiwa bado amesimama.