Natafuta game ambayo mulango inafungika

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Naandika hii nimekaa inje, ku baraza ya nyumba yetu, sac ya masomo iko ku magoti. Mulango imefungwa na funguo siko nayo. Niko na njaa, jua inanipiga ku miguu, na niko na furaha. Someni mupaka chini mutaelewa. Na kama nimeongeza hata kidogo, Mama yangu iko hapa Nyakasanza, muulizeni yeye, hanioneaga huruma.

Kitu moja mbele ya kuanza. Kiswahili yangu ni ya Ituri. Mwenye anataka kunisahihisha ngeli aanze asubuhi na abebe chakula.

Bon. Miye ni mutu wa game. Hapana zile za mupira, za kupigiana kelele na majirani mupaka muzee mwenye kiwanja anakuja na fimbo. Napenda adventure. Mutu moja, safari murefu, kupanda ukuta, kufungua coffre, ile sanduku ya mali, kupigana kidogo, na hadithi yenye inakushika.

Kaka yangu anachimba zahabu ku machimbo ya Kilo, siku moja bahati ilimuangukia akaniletea play, mashini ya kuchezea game ku télé, ya mukono ya pili, ilipitia Kampala. Disque naazima kwa Fiston, mwenye salle ya play karibu ya soko. Courant yetu ni ya panneau ya jua, kwa hiyo nacheza muchana, jua ikiwa kali. Jioni batterie ni ya taa na telephone ya Mama, hakuna mutu wa kubisha.

Na play iko mu salon. Mukumbuke ile.

Sasa, vita ilipopanda tena ku Djugu, dada mukubwa wa Mama alikimbia kutoka kwake Fataki akafika kwetu. Siye tunamuita Mama mukubwa. Wenye munafuata habari ya kwetu munajua ile sehemu imepitia nini, sitarudilia.

Alifika na mufuko moja, vitenge mbili, na funguo ya nyumba yake imefungwa fundo ku pembe ya kitenge. Huyu mwanamuke alikuwa mulimaji wa maharagi, sauti yake ulikuwa unaisikia mbele ya kuona nyumba yake. Nikiwa mutoto nilikuwa namuogopa kabisa. Yule mwenye alifika kwetu alikuwa anaomba ruhusa ya kunywa maji.

Tulimuweka mu salon, ndiyo nafasi tulikuwa nayo. Mufuko wake aliuweka karibu ya mulango na hakuufungua.

Miye kijana wa watu, akili yangu yote iko ku disque mupya ya Fiston.

Ile game ni ya mutu na bunduki, muji umevunjika, anajificha nyuma ya ukuta anangoja adui apite. Wakuu, kama ni graphique, wale watu walifanya kazi. Vumbi unaliona likianguka. Na sauti ya bunduki ni yenyewe, hapana ile ya kupiga sahani na kijiko.

Ndiyo ile sauti ilileta matatizo. Risasi ya kwanza ililia, Mama mukubwa alikuwa anachambua muchele ku meza. Alisimama na sahani yake mukononi akatoka inje, akaenda kusimama nyuma ya jikoni ya jirani.  Alirudi wakati aliona nimezima, akaendelea na muchele.

Nilinyonga sauti, nikaweka écouteurs ku masikio. Haikusaidia, juu alikuwa anaona picha, na mwenye amejificha kweli nyuma ya ukuta hana kazi na mwenye anajificha ya kucheza.

Kisha Mama aliniita inje.

"Ushindi, Mama mukubwa ameuliza Mama Neema namna gani wanaandikisha watu ku site ya wadeplase. Anasema hapa anatusumbua. Yeye akienda kulala mu hema sababu ya ile kitu yako, nitaiweka chini ya sufuria na maharagi itaiva."

Huyu Mama Neema ni mutu wa Fataki pia, iko anaishi ku site, ile kambi ya wenye walikimbia vita, anapitaga kwetu akienda soko. Kusema kweli niliona aibu, na niliogopa. Hema za kule mvua ikinyesha maji inapita chini ya mukeka. Mama mukubwa alinibeba ku mugongo miye. Nilitaka abaki, na sikujua namna ya kumuambia mutu mukubwa abaki.

Kwa hiyo nilifanya ile najua. Nilirudi kwa Fiston kubadilisha disque.

Ya pili ilikuwa ya mapanga na miungu ya zamani. Hakuna bunduki. Muzee moja mwenye misuli, amekasirika kutoka mwanzo mupaka mwisho, anapasua majitu. Kupigana iko sawa, kamera haikuchoshi, lakini hadithi ni kelele. Kila mutu analalamika kwa sauti ya jenereta.

Mama mukubwa aliangalia kidogo, mukono ku shavu.

"Huyu anakula saa ngapi?"

Nikamuambia mu game hawakulaga, wanachukua tu dawa ya kijani nguvu inarudi.

"Ndiyo maana amekasirika. Wamupe ugali."

Wakuu, tangu afike ile ndiyo ilikuwa maneno yake ya kwanza yenye hayakuwa "aksanti" ao "musijisumbue". Mama alicheka jikoni mupaka mwiko ilianguka. Nikasema hapa kuna njia.

Ya tatu ndiyo ilileta yote. Ni ile ya dunia kubwa, kijana na farasi, milima, vijiji, unaenda penye unataka. Wengi humu munaisifu, na munasema kweli. Majani inainama na upepo, ng'ombe wanakula ku vilima. Mama mukubwa alisogeza kiti. Alianza kunituma. Pita kule. Simama. Hawa ng'ombe ni ya nani? Mbona hakuna mutu anawachunga?

Mission yenyewe sikuigusa. Tulikuwa tunachunga ng'ombe ya watu.

Kisha niliingia mu kijiji, na munajua namna tunafanyaga. Unaingia nyumba ya kwanza, unavunja vyungu, unafungua coffre, unabeba mukate ku meza, unatoka mbio. Hata hufikiri. Miaka yote nacheza game sijawahi kufikiri.

"Weye. Hodi iko wapi?"

Nilizani anaongea na mutu ku mulango. Kumbe ni miye.

"Unaingia kwa watu bila hodi, unapasua chungu ya mwanamuke, unabeba chakula yake. Nani alikufundisha vile? Mama yako?"

Wakuu, ile sauti ilikuwa ya zamani. Sauti ya Fataki. Nilirudisha kijana inje, nikamusimamisha mbele ya mulango, na nikasema hodi kwa kinywa yangu mwenyewe, mu salon, miye kijana muzima wa ndevu. Akajibu "karibu". Ndiyo nikaingia.

Kutoka pale ikawa sheria ya nyumba. Hodi kila mulango. Chungu haivunjwi. Ile ya mu coffre inabaki mu coffre. Munaweza kucheka, lakini jaribuni kumaliza ile game bila kuiba. Nilikuwa na panga ya mbao mbele ya majitu, nakufa kila mara, na Mama mukubwa ananiambia pole.

Siku moja tulifika ku nyumba peke yake, mbali ya kijiji. Hodi. Hakuna mutu. Tena hodi. Ndani kitanda kimetandikwa, moto inawaka, chungu iko juu ya moto. Tukazunguka, tukaona hakuna mwenyewe, tukatoka.

"Funga mulango," akasema.

Nikabonyeza. Kijana akaruka. Nikabonyeza ingine, akatoa panga. Ingine, akapiga muluzi farasi akaja. Nilijaribu vibonyezo yote ya manette, hakuna.

"Haifungikagi, Mama mukubwa. Hawakuweka."

"Namna gani mulango ifunguke isifungike?"

 Ndiyo nilimuangalia, na nikaona ameshika ile pembe ya kitenge yenye funguo.

Alianza kuongea polepole, macho ku télé. Ile asubuhi alikuwa ameweka maharagi ku moto. Funguo alikuwa ameishaifunga ku kitenge juu alitaka kwenda shamba akimaliza kula. Watu wakapita mbio wanaita, naye akakimbia vile alikuwa. Njiani ndiyo alikumbuka.

"Funguo iko hapa," akasema. "Mulango iko wazi. Mbuzi itaingia, itakula mbegu. Kuku itapanda ku kitanda yangu."

Hakutaja wezi. Hakutaja wale watu. Ni mbuzi na kuku. Na nikaelewa kitu nilikuwa naona kila Jumapili bila kuelewa: tukitoka kwenda misa, Mama akianza kufunga nyumba, Mama mukubwa anaenda kusimama barabarani na kutupa mugongo. Siye tulizani ni haraka ya misa.

Mama Neema alikuwa amemuambia siku ya pili, misa ikiisha, atamupitia waende site. Nikakimbia kwa Fiston saa ile ile.

"Unataka game gani?"

"Yenye mulango inafungika."

"Na nini ingine?"

"Mulango tu."

Aliniangalia sana, akauliza kama nimekula. Lakini Fiston ni mutu muzuri, tulikaa tunajaribu disque moja moja, wateja wake wanatukana. Na hapa wakuu muniache nikasirike kidogo. Hawa wenye kutengeneza game wanachora nywele moja moja. Farasi anatoka jasho. Maji inaonyesha mawingu. Na mulango? Ingine inajifunga yenyewe kama ya banque, ingine ukisha kuifungua inabaki wazi mupaka mwisho wa dunia. Ingine ni picha tu ya mulango, imechorwa ku ukuta. Nani aliwalea hawa watu?

Tuliipata chini ya kartoni, disque ya zamani, imekwaruzwa. Game ya musichana anamutafuta baba yake ku kisiwa. Graphique ni mubaya, uso wa watu kama viazi. Kupigana ni fimbo tu. Miye wa zamani ningeirudisha mbele ya kuimaliza. Lakini unafika ku mulango, unabonyeza kibonyezo ya pembe tatu, inafunguka. Unatoka, unageuka, unabonyeza tena pembe tatu, inafungika. Ka. Hata loquet, ile komeo, unaisikia.

Nilimuita Mama mukubwa. Hodi, karibu, tukaingia, tukatoka, nikafunga. Ka.

"Tena," akasema.

Tulienda nyumba ingine. Kisha akaomba aguse mwenyewe. Nikamuonyesha pembe tatu, akashika upande wake wa manette na miye wangu, miye natembeza musichana, yeye anafunga. Tulifunga kijiji yote. Ya muchungaji, ya mufua vyuma, hata banda ya mbuzi. Kila mara ka, yeye anasema "vizuri". Batterie ilianza kulia, Mama alikuja ku mulango wa jikoni, akatuangalia, akaenda kutafuta mushumaa.

Siku ya pili tukatoka kwenda misa. Mama akatoa funguo. Nikageuka kutafuta Mama mukubwa barabarani, hayuko. Iko nyuma yetu, ku mulango, mukono umenyooshwa.

"Lete," akasema.

Mama akamupa. Akafunga mwenyewe. Akasukuma mulango na kiganja, akasukuma tena, akasikiliza. Kisha akafungua lile fundo ku pembe ya kitenge, akaweka funguo yetu pamoja na ile ya Fataki, na akafunga fundo upya na meno. Njiani hakukuwa na haraka. Mama yangu alikuwa analia na kujifanya ni vumbi.

Tuliporudi, Mama Neema alikuwa anangoja ku baraza.

"Twende?" akauliza.

"Sasa funguo ya hapa iko kwangu," Mama mukubwa akasema. "Nitaenda namna gani?"

Ile jioni mufuko ulitoka karibu ya mulango. Vitenge ziko mu kabati ya Mama saa hii.

Kwa hiyo wakuu, ndiyo maana niko inje. Mama iko kazini, Mama mukubwa ameenda soko kuuza maharagi, na akienda na funguo anaenda na funguo, hata umuombe ya pili. Tulipomuambia tutengeneze ingine, akauliza kwani hii iko na ubaya gani. Kila siku nikitoka masomo namungoja hapa, na ile kijana na farasi ananingoja mu télé.

Funzo yangu ni kadogo. Nilikuwa nahesabia game kwa graphique na ukubwa wa carte, ile ramani yake. Sasa nikiazima disque, kitu ya kwanza naenda ku nyumba ya watu naangalia kama naweza kuiacha vile nimeikuta. Nyingi zinaanguka pale pale.

Sasa munisaidie. Ile ya kisiwa tumeimaliza, baba ameonekana, na Mama mukubwa anasema musichana alikawia juu hakuwa anauliza njia. Wenye munajua game ya adventure, mupya ao ya zamani, yenye mulango inafunguka na inafungika kwa mukono ya muchezaji, muiandike hapa chini. Bunduki hapana. Ng'ombe ikiweko ni vizuri zaidi.

Namuona anakuja ku kona, kikapu ku kichwa. Ameniona, na hajaongeza hata hatua.