Mwalimu ku robine

Bandugu, leo nimemukuta mwalimu wetu wa biatu miguu mutupu!

Munamujua ukali wake. Kila lundi, Jumatatu asubui, anatupanga mbele ya kalasi na kuangalia biatu. Matope kidogo tu, unarudi kwenu.

Basi sisi batoto ba mutaa wa Kamalondo tunatembea biatu mukononi mupaka ku robine, bomba ya maji nyuma ya nyumba ya masomo. Pale tunanawa, tunavaa, tunaingia kama bakubwa ba Élisabethville.

Leo mvua ilinichelewesha. Nikakimbilia robine.

Kumbe muntu iko pale! Suruali imekunjwa, miguu inachuruzika maji, biatu mu gazeti chini ya kwapa.

Mwalimu mwenyewe.

Tukaangaliana. Nikafikiri: leo nimekwisha, sina masomo tena.

Akasogea kidogo. "Nawa, mutoto. Kengele iko karibu kulia."

Nikanawa. Tukasimama bawili pale, kila mumoja na muguu juu, tukijifuta. Akapasua ukurasa wa gazeti, akanipa nusu.

Mbele ya kalasi akapita mustari, akafika kwangu. Akaangalia biatu byangu muda murefu.

"Huyu," akaambia bote, "anajua kutunza biatu."

Nami nikaangalia byake. Kisigino cha kushoto, matope! Nikamuonyesha kwa macho.

Akaenda nyuma ya meza, akafundisha pale asubui yote bila kutoka.

Semeni kweli, ninyi mungecheka?

Mimi sikucheka. Lundi ijayo, gazeti nitaleta mimi.