Mama wa Sufuria Amepewa Jina Lingine

Msomaji wetu wa Nakuru ameomba jina lake lisichapwe. Anayoyasema ni haya.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto wawili, na mume wangu ni karani katika ghala la pareto hapa mjini. Hanipigi, halewi, na kanisani anaimba besi. Majirani wanasema nina bahati. Lakini mficha uchi hazai, ndiyo maana nawaandikia.

Kabla ya ghala, mume wangu alikuwa msemaji wa sinema ya lori. Ninyi mliokulia mashambani mtakumbuka. Lori linakuja, kitambaa cheupe kinatundikwa, kisha tunaona picha za kuchekesha zisizo na sauti: polisi wanene wanateleza matopeni, na mama mmoja mwenye sufuria anawatandika vichwani. Kwa kuwa hawasemi, mume wangu alisimama kando na kipaza sauti akawasemea wote. Na alikuwa na ujanja wake. Kabla ya picha alizunguka kambini kwa wafanyakazi wa shamba akiuliza nani mchoyo, nani anamwogopa mkewe, nyapara gani anasinzia kazini. Picha ikianza, wale Wazungu wa kwenye kitambaa wakawa ni sisi wenyewe, kwa majina yetu. Hakuwahi kutunga jina hata moja. Kila jina lilikuwa na mwenyewe, naye amekaa pale kwenye nyasi.

Mimi alinipata hivyo hivyo. Alikuja shambani kwetu, na jina langu akampa yule mama wa sufuria. Kambi nzima ikageuka kunitazama. Nilikasirika kweli, lakini nilifunika mdomo nikacheka mpaka machozi yakatoka. Kesho yake akaja kuomba msamaha. Akaja tena kuomba ule ule msamaha, na mara ya tatu akaja na wazee.

Baadaye zikaletwa picha zinazosema. Zinasema Kiingereza, tena cha haraka, na mume wangu akaambiwa hahitajiki. Tangu hapo ni kama mtu aliyefiwa. Anasema watu wa siku hizi wanakaa kusikiliza sinema kama wako kortini, kicheko kimekwisha. Nami namwelewa, kwa sababu hata mimi nazikumbuka zile siku. Hakuna aliyetuchekesha vile tena.

Mwaka huu akaanza kwenda Rongai kila Jumamosi. Alisema kuna mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba, ana mashine kuukuu ya sinema na mikanda ile ya zamani, na anamruhusu kuwaonyesha wafanyakazi wake. Nilifurahi naye. Halafu nikaona amenunua tai. Nikajiuliza, tai ya kusimama gizani inavaliwa ili nani aione? Siku moja nikipiga pasi koti lake nikakuta kipande cha mkanda wa sinema mfukoni, kile wanachokata ukikatika. Nikakiinua kwenye mwanga. Alikuwa yule mama wa sufuria. Moyo ukalainika, nikasema masikini, kumbe ananiweka mfukoni.

Jumamosi iliyofuata niliwaacha watoto kwa jirani, nikapanda treni ya baada ya ile yake. Nilitaka kumfurahisha, nasema kweli, ingawa ile tai pia ilikuwa kichwani. Sinema ilikuwa ndani ya ghala la mahindi, milango imefungwa mchana kweupe ili kuwe na giza. Nikajipenyeza nyuma, nikakaa juu ya gunia kando ya mama mmoja mzee. Nikaisikia sauti ya mume wangu kama ilivyokuwa zamani, nikacheka pamoja na watu wote. Kisha mama wa sufuria akatokea, nami nikangoja jina langu.

Akamwita Tabitha. Natumia Tabitha ili nisilitaje jina lenyewe. Ghala zima likageuka kumtazama mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Naye alikuwa amefunika mdomo, anacheka.

Nikamwuliza yule mama mzee kama jina hilo ni la leo tu.

"Wengine anabadilisha," akasema. "Hiyo ya Tabitha haibadilikangi. Kila Jumamosi ni yeye."

Nilitoka kabla taa hazijawashwa. Mume wangu aliporudi nilimwambia nilikuwa Rongai. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hiyo ni mchezo tu, Mama Joni," akasema. "Kila shamba iko na jina yake. Wewe unajua kazi yangu."

Naijua, na ndiyo shida yangu. Najua anavyotafuta majina, na najua mwanamke wa kwanza kupewa sufuria hiyo aliishia wapi. Aliishia nyumbani kwa msemaji mwenyewe, anapika.

Sasa amepata kazi ya ukarani kwenye shamba lile lile la Rongai, na anataka tuhame sote mwisho wa mwezi. Anasema watoto watapata maziwa na mimi nitapata kicheko changu cha zamani. Nikikataa, ataenda peke yake na nitakuwa nimemkabidhi kwa Tabitha. Nikikubali, nitakaa ndani ya ghala lile kila Jumamosi nikisikiliza mwingine akiitwa mahali pangu, na watu watanitazama.

Kile kipande cha mkanda nimekificha kwenye kopo la majani ya chai. Amekitafuta kila mahali, lakini haniulizi. Akienda kazini nakitoa, nakiinua dirishani. Mama yule ameinua sufuria, mdomo uko wazi, na hana sauti.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni shauri: nifunge mizigo au nibaki Nakuru? Na huyu ninayemtazama dirishani, bado ni mimi?