Nililazwa kwa Jina la Mwanahawa

"Jina lako nani?"

Daktari aliniuliza hivyo siku yangu ya tatu wodini, kiganja chake kikiwa juu ya tumbo langu. Nina shahada ya sosholojia. Nimewahi kubishana na mhadhiri saa nzima juu ya maana ya neno "maendeleo". Swali hilo, ambalo mtoto wa chekechea analijibu, lilinishinda.

Naandika kwa ajili ya walio vitandani sasa na wanaowauguza. Nimepona. Natanguliza hilo ili msome bila kunihofia mimi.

Kabla ya kuugua nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Bagamoyo. Nachapa barua za kuomba kazi za watu wengine, natoa kopi za vyeti, naweka vitambulisho ndani ya plastiki. Kadi yangu ya bima ya mwanafunzi ilikoma nilipohitimu. Sikukata nyingine. Sikuwa naumwa, na nilikuwa na hoja.

Hoja zangu mtaa mzima ulizijua. Afisa alikuja shuleni kutueleza mpango wa bima ya afya kwa wote. Watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Nikasimama.

"Nani atapima kwamba huyu ni maskini wa kulipiwa na huyu siye? Tukishachangia wote, dawa zitakuwepo dirishani au tutaandikiwa tukanunue nje kama sasa? Na asiye na ajira wala jembe, mnamhesabu kwenye kundi gani?"

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Binti huyu akiingia kaburini, malaika Munkari na Nakiri ndio watakaohojiwa." Darasa zima likacheka, hata afisa.

Mwanahawa alinivuta sketi. "Kaa chini, shoga. Waache watu wapumue."

Mwanahawa ni dada yangu. Mama zetu ni ndugu wa tumbo moja. Anafundisha shule ya msingi Makurunge. Tangu utotoni watu wanatuchanganya: mwanya ule ule, kipaji kile kile cha uso. Yeye, kwa sababu ya ajira yake, alikuwa na kadi ya bima. Nilishaitolea kopi mara nyingi mpaka namba yake naijua kwa kichwa.

Maumivu yalianza Jumanne, dukani, kwenye kitovu, kana kwamba mtu ananibonyeza kwa kidole kimoja bila haraka. Jioni nikatapika. Jumatano kidole kile kilihama, kikashuka chini upande wa kulia, kikatulia hapo. Nilitembea nimeinama. Nikikohoa nalia. Mama alinipa chai ya tangawizi, kisha vidonge vya duka la dawa. Vyote vilirudi kama vilivyoingia.

Alhamisi Mwanahawa alikuja na bodaboda kutoka Makurunge, bila kuitwa. Alinitazama mara moja, akafungua pochi, akaweka kadi yake juu ya mto.

"Haya, hospitali."

"Huo ni wizi," nikasema.

"Wizi wa nani? Mimi nakatwa kila mwezi na siumwi."

"Na picha je?"

"Picha hiyo hata mimi sifanani nayo. Wewe ndiye unayefanana nayo zaidi."

Mama akatukata kauli. "Nyamazeni wote wawili. Rukia, leo usiulize kitu."

Na kweli sikuuliza. Sikuuliza hata kwa nini Mwanahawa, aliyekuja kunichukua mgonjwa, alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ameegemea mlango, anahema.

Hospitali sitaitaja. Pale mapokezi mashine ya kusoma vidole ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe. Karani alitazama picha, akanitazama nilivyojikunja ndani ya mtandio wa Mama.

"Pole, Mwalimu," akasema.

Basi nikawa mwalimu.

Foleni ya daktari ilifika nje. Alinibonyeza kidogo juu ya dera, macho yake kwenye kompyuta. "Ningesema ni kidole tumbo," akasema, "ila naona chako kilishatolewa, kule Morogoro."

Aliyetolewa kidole tumbo Morogoro ni Mwanahawa, akiwa chuo cha ualimu. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kumuuguza. Nilimtazama Mama. Mama akafumbua mdomo. Nikambana mkono kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na mdomo ukafumba.

Sitaki kusingizia homa. Wakati huo nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijua kinachosomwa pale si mwili wangu. Nikajiambia pengine ni taifodi kweli. Nikaogopa kadi itanyang'anywa, dada yangu ataitwa na mwajiri. Mimi niliyemhoji afisa mbele ya mtaa mzima nilikubali jibu lile bila hata swali moja.

Akaandika taifodi. Nikapewa kitanda cha saba, dripu mkononi, na juu ya kichwa changu wakabandika karatasi: MWANAHAWA.

Bibi yetu, mzaa mama zetu, alitulea na sharti moja: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Nilianza kumcheka tangu darasa la tano. Wodini nilimkumbuka kwa namna nyingine. Anayeita nilikuwa namwona vizuri. Anayeitwa ndiye nisiyemwona.

"Mwanahawa, umepata choo?" "Mwanahawa, kipimajoto hicho kimeanguka." Kila mara nilichelewa. Kitanda cha nane alilala Bi Tatu, mama mtu mzima kutoka Ubena, mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Siku ya pili alinitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, wewe ukiitwa huitiki. Unangoja kwanza mwenzio aitike." Kisha akageukia ukutani.

Siku hiyo ya pili, asubuhi, maumivu yaliondoka. Yaliondoka ghafla, kama mtu aliyeinuka kitini. Nilicheka. Nilikunywa uji. Mama alisema alhamdulillahi, akaenda nyumbani kufua. Kufika saa saba mchana nilikuwa natetemeka. Tumbo limevimba, gumu kama ubao, na jasho langu lilikuwa na harufu nisiyoitambua.

Saa saba hiyo, jua limesimama, uwanja wa hospitali ulikuwa mweupe, hauna vivuli. Kutoka kitandani naliona dirisha la mapokezi, ng'ambo ya uwanja. Mbele yake alikuwa amesimama Mwanahawa. Mtandio wake wa buluu, mkono mmoja chini ya kitovu. Alizungumza na karani. Karani akatazama kompyuta, akasema kitu, akanyoosha mkono kuelekeza kwenye wodi yetu. Mwanahawa akageuka, akalitazama dirisha langu. Hakupunga mkono wala hakusogea. Alitazama kama mtu anayeoneshwa kaburi lenye jina lake.

"Mwanahawa!" nikaita.

"Makubwa! Unajiita mwenyewe?" Alikuwa nesi, mlangoni. Alinigusa paji la uso, akaacha kucheka, akaenda kuleta dawa ya homa.

Nilipotazama tena, uwanja ulikuwa mtupu. Nikaamua ni homa ndiyo iliyoniletea picha ile. Nilikuwa na elimu ya kutosha kuamua hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuja daktari wa zamu mpya, msichana mwenye lafudhi ya bara, umri wake kama wangu. Alisoma faili, akalifunga, akalipandisha dera langu mpaka kifuani. Alibonyeza tumbo taratibu, kisha akaachia ghafla. Alipobonyeza niliuma meno. Alipoachia nilipiga kelele mpaka Bi Tatu akaanza kusoma dua.

"Kovu lako liko wapi?" daktari akauliza.

Nikalitafuta na mimi. Naapa nililitafuta. Nilipitisha vidole upande wa kulia na nikaligusa, mstari mwembamba ulioinuka, kama uzi uliopita chini ya ngozi. "Hili hapa," nikasema.

Aliuondoa mkono wangu. "Hiyo ni alama ya mpira wa sketi yako ya ndani. Hapa hapajawahi kupita kisu." Akainama karibu. "Jina lako nani?"

Nyuma yake dirisha liliwaka jua, koti lake jeupe likang'aa, uso wake ukawa kivuli. Nikakumbuka utani wa yule mzee shuleni, nikadhani maswali yameanza. Nilitaka kujibu. Majina mawili yalikuja pamoja mpaka kooni na hakuna lililotangulia. Sikuwa naficha tena, nilikuwa sijui.

Mama alikuwa mlangoni na chupa ya uji.

"Anaitwa Rukia," akasema. Sauti yake ilisikika wodi nzima. "Ni mwanangu, nimemzaa mimi. Hajawahi kupasuliwa. Kadi ni ya mtoto wa dada yangu. Nifungeni mimi, lakini huyo ni Rukia."

Daktari akamgeukia nesi. "Thieta, sasa hivi." Kisha akamwambia Mama, "Ya kadi tutayazungumza akiwa hai."

Walinipasua katikati, kupita kando ya kitovu kwenda chini. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka siku iliyotangulia. Ule unafuu niliocheka nao ndiyo ilikuwa saa ya kupasuka. Walitoa usaha, wakaniosha matumbo, wakaniwekea mpira ubavuni uliotiririsha maji ya rangi ya chai. Kidonda kilinuka. Waliacha sehemu yake wazi, na kila asubuhi nesi alichomoa shashi ya jana na kuingiza nyingine, nami nikihesabu matundu ya chandarua.

Kila asubuhi daktari aliuliza swali moja: "Umeshajamba?" Maana utumbo ukilala, mgonjwa hajapona. Siku ya nne baada ya upasuaji nilijibu kwa vitendo. Bi Tatu aliinuka nusu kitanda, akatangaza, "Mwalimu kajamba! Alhamdulillahi!" Akajirekebisha: "Rukia. Rukia kajamba." Nililia kwa furaha na kwa maumivu ya kucheka.

Kadi ilichukuliwa. Gharama ukoo ulizibeba. Mwanahawa alitakiwa kuandika barua ya maelezo kwa mwajiri wake, na mimi ndiye niliyeichapa niliporudi dukani. Hakunilaumu. Alikuwa amekonda na midomo imempauka. Nilipomuuliza, alisema alikuwa na malaria.

Miezi ikapita, afisa akarudi pale pale shuleni. Safari hii mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja muuza samaki alisema kuazimana kadi ni kuhurumiana. Afisa akasema ni udanganyifu. Nikasimama, mkono juu ya kovu langu, ambalo sasa ninalo.

"Huyo karudi," yule mzee akasema. "Munkari na Nakiri wamemshindwa."

Nikasema, "Hapa kwetu bima ya wote tunayo siku nyingi. Kadi moja, ukoo mzima. Lakini kompyuta inadhani ukoo mzima ni mwili mmoja." Hakuna aliyepiga makofi. Mama muuza samaki aliinama, akatazama mikono yake.

Maswali yangu matatu ya mwanzo bado hayajajibiwa, na sitaacha kuyauliza. Sijui kama mpango huu utafika hadi Ubena kwa Bi Tatu. Ninachojua ni kwamba nataka kila mtu aingie hospitali kwa jina lake, awe na ajira au asiwe nayo. Mimi nimekata kadi yangu. Jina langu liko juu yake na picha inafanana nami.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule aliyeuamini mwili kuliko faili. Namshukuru Mama, aliyenisikiliza nilipomzuia kusema, na akakataa kunisikiliza mara ya pili. Kwako uliye kitandani: maumivu makali ya tumbo yakiisha ghafla bila tiba, usicheke, mwite daktari. Na hata kama umeingia kwa kadi isiyo yako, mwambie ukweli juu ya mwili wako. Aibu utaishi nayo. Mimi naishi nayo.

Nilidhani ushuhuda wangu unaishia hapo. Kisha, zaidi ya mwaka baada ya kupona, nilikwenda Makurunge kumsaidia Mwanahawa kuhama nyumba. Kabatini nilikuta ule mtandio wa buluu, nikamsimulia, kwa kucheka, jinsi homa ilivyonionesha yeye amesimama uwanjani saa saba mchana.

Hakucheka. Aliuchukua mtandio, akaukunja.

Alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ilikuwa imeanza kumtoka damu, akapanda bodaboda mpaka hospitali, akamtajia karani jina lake na namba yake. Karani alitazama kompyuta, akamwambia, "Mwanahawa amelazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha saba." Kisha akamuuliza, "Wewe ni nani?"

Aligeuka, akalitazama dirisha langu. Alirudi Makurunge, na mimba ikatoka jioni ile ile.