Waliolala Chumba Kimoja Igowole

Kaka yangu alizikwa Igowole, Mufindi, mwezi wa saba, siku ya ukungu mzito, walioshusha jeneza tukawasikia zaidi ya kuwaona. Nilitoka kwangu Soweto, Mbeya, pamoja na mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na minne, ninayemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Majina ya watu wa siku ile ninayo yote. Hapa siyaandiki, wengi wako hai na wana aibu zao.

Tulibaki matangani. Wanawake na watoto chumba kimoja, mikeka chini, blanketi moja watu watatu. Baridi ya Mufindi haina masihara, kwa hiyo dirisha tuliliziba kwa kitenge na chini ya mlango tukasokomeza gunia. Chai ilizunguka kwa kikombe kimoja, maana nani ana nguvu za kuosha vikombe mtu amekufa?

Siku ya tatu asubuhi mjukuu akasema kichwa kinamuuma.

"Umelia sana," nikamwambia. "Kichwa cha msiba hicho, kitaisha."

Kila mtu pale alikuwa na kichwa kinachouma, na macho mekundu, na sauti iliyokauka. Akasema mwanga unamuumiza macho, nikasema moshi wa jikoni. Akasema shingo haiinami. Wifi yangu, mjane wa kaka, akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mumewe alale: "Mtoto wa mjini huyu! Siku mbili bila mto, tayari anadai godoro!" Tukacheka wote. Nikachukua samli nikamkanda shingo. Alilia, nami nikazidi kukanda. Mkono wenyewe ni huu ninaoandikia.

Kabla ya saa sita akatapika. Tumbo na kifua moto, miguu na viganja baridi. Nikamsogeza karibu na jiko. Nilipomvua soksi nikaona vidoa kwenye miguu, vingine vyekundu, vingine kama maji ya zambarau. Viroboto, nikasema.

Mpwa wangu, binti wa marehemu, alikuwa anafunga mizigo arudi kwake Iyunga, Mbeya, na kichanga chake mgongoni. Akainama akaangalia. "Shangazi, kiroboto gani huyu? Mbona hajikuni?"

Gari lilikuwa linampigia honi barabarani, akaondoka. Lakini neno lile lilinichoma. Kweli, mtoto alikuwa hajikuni. Nikamwita akanijibu, "Mama." Mama yake yuko kaburini.

Tulimpakia kwenye gari lililoleta kuni za msiba, tukampeleka kituo cha afya. Nesi hakuuliza mambo ya mto. Alijaribu kumkunja shingo, ikakataa kama mti. Akachukua glasi safi, akaibana juu ya vidoa, akanionyesha. "Bibi, vipele vya kawaida ukivibana hivi vinafifia. Hivi vimebaki. Hii yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na vijidudu vyake vimeingia kwenye damu."

"Kwa hiyo apimwe?"

"Atapimwa mbele ya safari. Sindano namchoma sasa hivi. Ugonjwa huu haungoji majibu."

Wakati gari la wagonjwa linaandaliwa, akaleta daftari. Ugonjwa ule unakaa kooni, akasema, mtu anaweza kuubeba na asiumwe, akamwambukiza mwenzake kwa mate na pumzi wakilala wamebanana. Alitaka kila aliyelala chumba kimoja na mtoto apewe dawa ya kinga, mapema, kabla hajaugua.

"Unawakumbuka, Bibi?"

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kukumbuka watu sikufundishwa shuleni. Nikafumba macho, nikaanzia mlangoni, nikawataja walivyolala, mmoja mmoja, na mtoto wa nani yuko miguuni pa nani.

"Taratibu, Bibi, kalamu yangu haina mbio!"

Nilipofika kwenye blanketi letu nikafumbua macho. Aliyelala amekumbatiana na mjukuu wangu ni yule mpwa, na kichanga kati yao.

Simu yake haikupatikana. Nilipiga ndani ya gari, nikapiga kila kilima, nikishika mguu wa mjukuu kuona kama umepata joto. Haukupata. Nilikuwa nasali na kupiga, kupiga na kusali, hata sijui Mungu alisikia lipi.

Hospitali kubwa daktari akasema anataka kutoa maji mgongoni kwa sindano ayapime, nikubali. Wifi akanipigia muda huo huo, nikamweleza, akapiga kelele: "Wifi, usikubali! Sindano ile inalemaza watu!"

"Nani?"

"Watu."

"Nitajie jina."

Mimi nikawapitia moyoni viwete wote ninaowajua, Mbeya mpaka Iringa. Huyu polio, yule pikipiki, yule alianguka mtini. Wa sindano ya mgongo sikumpata hata mmoja. Nikatia sahihi.

Jua linazama ndipo simu ya Iyunga ikaita.

"Shangazi, sisi wazima kabisa. Mtoto ananyonya vizuri."

"Mpeleke hospitali hivyo hivyo."

"Nimpeleke mzima? Watanicheka!"

"Wakucheke! Nilicheka mimi asubuhi, sasa niko wapi?"

Akaenda. Kichanga akachomwa sindano, mama akameza kidonge kimoja. Hakuna aliyeugua, wala kule Igowole, ambako nesi aliwafuata hadi kwenye mikeka na daftari lake.

Mjukuu wangu alifumbua macho siku ya nne, akaomba uji. Sikio la kushoto halisikii tena. Daktari anasema sindano ile ya kwanza ndiyo iliyomponya. Mimi nahesabu saa zilizotangulia, toka kichwa hadi glasi, na nilivyozijaza samli na vicheko.

Sasa siwezi kukaa msibani nikatulia. Juzi kwa jirani hapa Soweto binti mmoja alishika paji la uso. Nikamwendea. "Inamisha kichwa, kidevu kiguse kifua."

"Bibi Shingo kaanza!" wanawake wakasema.

Kidevu kikagusa. Nikamwangalia miguu, nikamwambia mama yake, binti akichemka tu asingoje. Kisha nikaenda kuvuta kitenge walichozibia dirisha. Wakapiga kelele, baridi, baridi! Nikaacha upenyo wa kiganja. Nikakaa chini na kuanza kuwaweka kichwani, kuanzia mlangoni.