Ndevu za Siku ya Posa

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Niboye, makosa makubwa yalikuwa mawili: kuanza wimbo kabla ya Bibi, na mwanamke au msichana kula nyama ya mbuzi. La kwanza lilikuletea kofi. La pili lilikuletea ndevu.

"Kirazira!" Bibi alitukemea sisi wasichana, yaani ni mwiko. "Mwanamke akikula mbuzi, ndevu inakuja. Nani ataoa mwanaume mwenzake?"

Sisi tulikuwa familia ya muziki. Babu alipiga iningiri, zeze la kamba moja. Baba alipiga ngoma. Bibi aliongoza nyimbo, nasi wajukuu tuliitikia na kucheza. Nilipotimiza miaka tisa, shangazi yangu akapata mchumba, na Bibi akatangaza kwamba siku ya posa wimbo wa kupokea wageni nitauanzisha mimi. Hakuna mjukuu aliyewahi kupewa heshima hiyo. Kwa furaha nilikosa hata hamu ya kula. Hapana, nasema uongo: nilikula, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Wiki moja kabla ya posa tulialikwa kupiga kwenye harusi Kabeza. Nyuma ya hema walikuwa wakichoma burusheti za mbuzi, yaani mishikaki, na moshi ule ulikuwa unaniita kwa jina. Nikala moja. Nikala ya pili. Kisha nikawaza kwamba mtu haoti ndevu mara mbili, nikala na ya tatu.

Wiki nzima nilijipapasa kidevu. Hakikuota kitu, nikaanza kupumua.

Asubuhi ya posa Babu akanipa kazi ya kupaka utomvu wa mti, ule unaonata, kwenye upinde wa zeze lake. Upinde ule ulifungwa singa za mkia wa ng'ombe, kuukuu, nazo zilikuwa zikikatikakatika na kunigandia vidoleni. Kulikuwa na joto. Nilijifuta jasho kidevuni mara nyingi tu, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo.

Nilikuwa na ndevu. Nyeusi, saba au nane, za mzee mwenye ng'ombe zake.

Leo hata mtoto wa chekechea angenieleza kilichotokea. Lakini mwenye hatia hatafuti maelezo. Nilivuta udevu mmoja, ukang'ang'ania, ukaniuma. Nikajua ni wangu.

Nilivaa mshanana wangu mpya, vazi letu la sherehe, na kuvuta kile kitambaa cha begani hadi puani. Wageni wakaingia, wazee wa upande wa bwana wakaketi mbele, wakaandaliwa sahani ya burusheti. Baba akapiga ngoma ya kunikaribisha. Kimya. Akapiga tena. Babu akavuta zeze, akanitolea macho. Shangazi yangu, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa anachungulia mlangoni karibu alie.

Bibi akanijia akitabasamu kwa ajili ya wageni, lakini meno yake yalikuwa yamekazana.

"Toa hiyo kitambaa kwa mdomo."

"Bibi, nilikula mbuzi," nikamnong'oneza. "Imekuja."

Akafunua kitambaa, akatazama, akanusa.

"Yewe! Hii iko utomvu ya Babu yako!"

"Inauma, Bibi. Iko yangu. Wewe ndiye ulisema!"

Neno lilikuwa lake, na nilimwamini kuliko kioo.

Bibi akageuka. Akaenda moja kwa moja mbele ya wale wazee, akachukua burusheti moja kwenye sahani yao, akaimaliza yote amesimama, mafuta yakimchuruzika. Mzee mmoja akasahau kufunga mdomo. Kisha Bibi akarudi, akainama, akaniwekea kidevu chake mbele ya macho.

"Angalia. Iko?"

Niliangalia. Posa nzima ilingoja.

"Hakuna, Bibi."

"Basi imba!"

Nikaimba, na ndevu zangu usoni. Nasikia niliimba vizuri, ingawa wakwe walimuuliza Baba kama mtoto anaumwa.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha bibi mjanja, aliyejua tangu zamani kwamba mwiko ule ulibuniwa na wanaume ili wabaki na nyama yao. Hadi mwaka juzi, tukiwa tunakaza ngozi ya ngoma, Baba akacheka peke yake, akaniambia kwamba baada ya posa ile Bibi alimwomba Babu wembe, akauweka chini ya mto. Kila asubuhi, mwezi mzima, alikuwa anajipapasa kidevu kabla hajasalimia mtu.

Niliacha kukaza ngozi, nikakaa chini. Kumbe Bibi aliamini kila neno. Alisimama mbele ya wakwe akijua kwamba ndevu zinakuja, na akala, ili mimi niimbe.