Mawe Yetu Katika Kiwanja cha Jirani

Mwanangu, bado naiona siku ile mnunuzi alipokuja kutazama nyumba ya mama yangu hapa Goma. Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nimemaliza shule, nina diploma na hofu ya kila kitu. Mama alitaka kurudi kwao Kibumba. Kaka yake alikuwa amempa shamba, lakini nyumba ya kulala huko angeijenga kwa bei ya hii tu.

Mnunuzi, mfuga ng'ombe kutoka Masisi, alisifu bati na milango. Kisha akachungulia ng'ambo ya ua.

"Ile pori iko na mwenyewe?"

"Iko naye, papa," mama akamjibu. "Alienda Bukavu kutafuta kazi."

"Kumbe! Mimi nilale hapa, nichunge nyoka ya mutu wa Bukavu?"

Akataja nusu ya bei, akaaga. Mama aliingia jikoni akaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Unaijua ardhi yetu: kabla ya kupanda hata maharage, sharti ung'oe mawe meusi ya volkano. Kila nyumba ya mtaa ule iliyatupa katika kiwanja cha yule aliyeondoka. Lundo likakua, majani yakalifunika, nyoka wakahamia. Hakuna aliyedhani anaishusha bei ya nyumba yake mwenyewe.

Nikaanza kuwaza. Tukiyaondoa, mwenyewe akirudi si atasema tumemwibia kiwanja? Niende kwanza ofisi ya ardhi kuuliza? Nikiuliza, si watasema sisi ndio tuliochafua? Nilimweleza yote hayo Muzee Serugendo, jirani yetu wa upande wa pili, aliyekuwa akinoa panga mlangoni pake. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa heshima.

"Mutoto, umemaliza?"

"Ndiyo, muzee."

"Akirudi akute parselle yake safi, atakupiga juu ya nini? Mama yako hawezi kujenga Kibumba na mawazo yako. Shika hii panga. Mawe yangu pia iko mule."

Tuliwaita majirani, na Jumamosi mtaa mzima ulitoka. Tulicheka sana, kila mmoja akidai mawe makubwa ni ya mwenzake. Tulifyeka majani, tukayapanga mawe kuwa ukuta mfupi juu ya mpaka wake uleule.

Yule wa Masisi hakurudi. Alikuja fundi cherehani, naye akauliza juu ya kiwanja kile.

"Mwenyewe ako Bukavu," mama akamjibu. "Sisi ndiyo tunamuchungia."

Fundi alinunua, akishusha bei kidogo tu. Nyumba ya Kibumba ikaezekwa kabla ya mvua.

Na mwenyewe? Alirudi baada ya miaka, mgonjwa, amekonda. Alisimama mbele ya ule ukuta, akauliza amshukuru nani. Mtu niliyemwogopa kiasi kile!

Sasa nawe unalalamika kwamba nyumba yako ya Mugunga haipati mnunuzi kwa sababu ya kiwanja kilichoachwa kando yake. Usimchukie aliyeondoka, hujui kilichompeleka. Wala usingoje mpaka uwe na jibu la kila swali. Waite majirani, safisheni, na mpaka wake muuache ulipo. Mungu akupe majirani wenye panga kali na moyo laini, na atakayenunua kwako alale bila kuwaza nyoka.